Besi ilikwenda wapi? Kuisikiliza upya "...And Justice for All" ya Metallica

Albamu ya nne ya Metallica, bendi ya hevi metali ya Marekani, "...And Justice for All", ilitoka mwaka 1988, na tangu hapo kila inapotajwa swali ni lilelile: mbona gitaa la besi halisikiki? Albamu ina nyimbo 9 na dakika zipatazo 65 za muziki. Wanamuziki walioorodheshwa ni wanne, lakini ukiisikiliza kwa makini unahesabu watatu. Jason Newsted alipiga besi katika nyimbo zote, na alichokipiga kilirekodiwa na kuhifadhiwa. Hata hivyo unaweza kuanza na wimbo wa kwanza ukamaliza na wa tisa bila kupata mahali pa kusema kwa uhakika, "huyu hapa".

Mashabiki wengi wa hevi metali wana jibu tayari: wenzake walimwonea kwa sababu alikuwa mgeni. Jibu hilo lina ukweli wake, ila ni dogo mno kwa jambo lenyewe. Kuonewa kunaweza kueleza kwa nini mtu alitaka besi ishuke. Hakuelezi kwa nini besi ilikuwa rahisi kuzama namna ile, wala kwa nini albamu isiyo na kishindo cha chini imeendelea kupendwa kwa zaidi ya miaka thelathini. Hayo yanahitaji kufunguliwa moja baada ya jingine, kuanzia msibani.

Usiku wa kuamkia tarehe 27 Septemba 1986, basi la ziara la Metallica lilipinduka kusini mwa Sweden. Mpiga besi Cliff Burton, mwenye umri wa miaka 24, alifariki papo hapo. Kwa bendi hiyo, Burton hakuwa mtu wa kujaza nafasi ya chini tu. Alikuwa amesoma nadharia ya muziki, alimpenda mtunzi Bach, na wenzake wamesema mara nyingi kwamba yeye ndiye aliyewafundisha jinsi sauti mbili za gitaa zinavyoweza kuandamana kwa kupishana badala ya kufuatana. Sikiliza mwanzo wa "For Whom the Bell Tolls" katika albamu ya mwaka 1984. Ile sauti kali inayoshuka ngazi kwa ngazi baada ya kengele, ambayo wengi hudhani ni gitaa la kawaida, ni besi ya Burton, ameichafua sauti na kuipandisha juu kabisa ya shingo ya gitaa. Sikiliza pia katikati ya "Orion" ya mwaka 1986, pale muziki wote unaponyamaza na besi peke yake inabeba wimbo hadi wengine wanapojiunga nayo. Katika albamu tatu za kwanza besi ilikuwa na usemi wake.

Newsted alichukuliwa majuma machache tu baada ya mazishi, akitokea bendi ya Flotsam and Jetsam ya Phoenix, Arizona. Alikuwa shabiki mkubwa wa Metallica na katika bendi yake ya zamani yeye ndiye aliyekuwa kiongozi. Huku alikuta watu watatu ambao hawakuwahi kukaa chini wakaomboleza. Waliingia tena barabarani kabla hata ya mwaka kwisha, na huzuni ikatoka kwa njia ya mizaha mikali dhidi ya yule aliyekalia kiti cha marehemu. Mambo hayo James Hetfield, mwimbaji na mpiga gitaa, na Lars Ulrich, mpiga ngoma, wameyakiri wenyewe baadaye, nami sioni haja ya kuyapamba wala kuyapunguza.

Lakini kuna ushahidi mmoja ambao wanaoshikilia jibu la kuonewa huupita haraka. Mwaka 1987 bendi hiihii, na mgeni huyuhuyu, ilirekodi nyimbo chache za watu wengine na kuzitoa kama rekodi fupi. Humo besi inasikika wazi, nene, yenye kunguruma, tena nyimbo zenyewe ni kama zimetengenezwa kuionyesha. Kwa hiyo chuki pekee haitoshi. Kati ya rekodi ile na albamu ya 1988 kuna mambo mengine yaliyobadilika, na mengi yake yalitokea studioni.

Albamu ilirekodiwa katika miezi ya mwanzo ya 1988 katika studio ya One on One, Los Angeles. Kazi ilianza chini ya Mike Clink, aliyetoka kuitayarisha albamu ya kwanza ya Guns N' Roses. Mambo hayakwenda, na bendi ikamwita Mdenmark Flemming Rasmussen, waliyefanya naye albamu mbili zilizotangulia. Nyimbo zilikuwa ndefu na zenye mikunjo kuliko chochote walichowahi kutunga. Zilijengwa na Hetfield na Ulrich kwa kuunganisha rifu, yaani vile vifungu vifupi vya gitaa vinavyorudiwarudiwa, moja juu ya nyingine, mdundo ukibadilika kila baada ya hatua chache. Newsted alitajwa kama mtunzi mwenza wa wimbo mmoja tu, "Blackened", ambao ndio unaofungua albamu.

Besi yake aliirekodi akiwa na mhandisi msaidizi tu. Hakuwepo mtayarishaji, na wenzake hawakuwepo. Hapakuwa na mtu wa kumwambia, "hapa acha nafasi", au "hapa usimfuate James, mfuate Lars". Akafanya alichokizoea tangu Phoenix: alichukua piki, kile kidude cha kukwanyulia nyuzi, na kufuata rifu za Hetfield noti kwa noti, kwa kasi ileile na ukali uleule. Kwa upigaji ni kazi ngumu na aliifanya vizuri. Kwa mpangilio wa sauti, hapo ndipo alipojiweka kwenye hatari bila kujua.

Uzi wa chini kabisa wa gitaa la besi hutoa noti ya E yenye masafa ya karibu hezi 41, yaani mitetemo 41 kwa sekunde. Uzi wa chini wa gitaa la kawaida hutoa E ya juu yake, hezi 82. Lakini hakuna uzi unaotoa masafa mamoja tu. Uzi wa besi ukipigwa, pamoja na ile 41 hutoka pia 82, 123, 164 na kuendelea. Wa gitaa hutoa 82, 164, 246 na kuendelea. Masafa hayo ya ziada ya juu ndiyo ninayoyaita miitiko. Tazama namba hizo vizuri. Kila mwitiko wa pili wa besi unaangukia palepale gitaa linapopiga. Wapigaji wawili wakishika rifu moja kwa wakati mmoja, ni kama watu wawili wanaotamka sentensi moja kwa pamoja: mwenye sauti kubwa ndiye anayesikika, na yule mwingine hugeuka kuwa uzito wa sauti ya mwenzake.

Inabaki ile hezi 41 ya chini, ambayo gitaa haliifikii. Tatizo ni kwamba spika ndogo, za redio ya kaseti au za gari, haziwezi kuitoa noti hiyo ipasavyo. Kwenye spika za aina hiyo, ubongo huitambua besi kwa kusikia miitiko yake ya juu, ndiyo hiyohiyo iliyokwisha kufunikwa na gitaa. Ndiyo sababu mpiga besi wa muziki mzito anayetaka kusikika hufanya moja kati ya mambo mawili. Ama anapiga kitu tofauti na gitaa, kama Burton, ama anaipa besi yake ukali wa masafa ya kati ambayo gitaa limeyaacha wazi.

Hapo tunafika kwenye sauti ya Hetfield, na kwangu hii ndiyo sehemu yenye uzito kuliko zote. Katika albamu hii gitaa lake limekatwa masafa ya kati na kuongezwa ya chini na ya juu. Kwenye ekolaiza, vitufe vyake vingekaa kwa umbo la herufi V. Chini kuna ile "dum" nzito inayotoka anapozuia nyuzi kwa kiganja cha mkono wa kulia, na juu kuna mkwaruzo mkavu kama wa msasa. Tena hakupiga mara moja. Rifu zilirekodiwa tabaka juu ya tabaka na kutandazwa kulia na kushoto. Gitaa la namna hiyo linakalia makao ya besi. Lile "dum" la Hetfield ndilo masikio huliita besi kwenye albamu hii, na wengi waliisikiliza kwa miaka bila kujua kuna kitu kinakosekana, kwa kuwa chini hapakuwa patupu kabisa.

Ngoma nazo zilikwenda upande wao. Ngoma ya mguu ya Ulrich, ambayo kwa kawaida hushirikiana na besi kuujenga msingi, hapa imeondolewa mwili ikabaki na mgongo wa sauti: "tak, tak, tak". Hakuna mwangwi wa chumba. Kila pigo linakuja kavu na kukatika hapohapo. Katika kile kipande maarufu cha "One", ambapo miguu miwili na gitaa vinagonga kwa pamoja kama bunduki ya rashasha, ukavu huo ndio unaokuwezesha kusikia kila pigo moja moja. Ungeweka besi nene na ngoma yenye mwangwi pale, kasi ile ingeyeyuka ikawa ngurumo.

Rekodi zikapelekwa kwa Steve Thompson na Michael Barbiero wazichanganye, katika studio ya Bearsville, jimbo la New York. Rasmussen hakuwepo. Ni kosa kubwa kwa maoni yangu, kwani yeye ndiye aliyejua kila kilichorekodiwa kilikusudiwa kukaa wapi. Wakati huohuo bendi ilikuwa kwenye ziara ya Monsters of Rock pamoja na Van Halen na Scorpions, ikipiga kwenye viwanja vikubwa kisha kukimbilia studioni kusikiliza. Thompson ameeleza hadharani kwamba Ulrich alimtaka ashushe besi hadi isikike kwa shida, na alipokwisha kuishusha akaambiwa ashushe zaidi. Anasema alimgeukia Hetfield kwa mshangao, na hakupata utetezi. Rasmussen kwa upande wake amesema yeye ni miongoni mwa watu wachache walioisikia besi ile ikiwa peke yake, na kwamba ni kazi bora.

Kushusha besi kuna adhabu kubwa kuliko kushusha ala nyingine. Sikio la binadamu halisikii masafa yote sawasawa. Sauti za chini zinahitaji nguvu nyingi zaidi ili zisikike tu, na zikipunguzwa hutoweka mapema kuliko sauti za kati. Ukishusha gitaa kwa desibeli 6 utalisikia limerudi nyuma kidogo. Ukifanya hivyo kwa besi ambayo nusu ya miitiko yake tayari imefunikwa, imekwisha.

Na masikio yaliyotoa amri yalikuwa na hali gani? Hetfield amesema walikuwa wamechoka masikio kwa ziara, hawasikii tena sauti za juu ipasavyo, basi wakawa wanaziongeza. Hili linaendana na linavyofanya kazi sikio: baada ya kelele kubwa, uwezo unaopungua kwanza huwa kwenye masafa ya juu, hasa karibu na hezi 4,000. Mtu aliyetoka jukwaani akaketi mbele ya spika za studio atasikia kila kitu kimezibwa. Ataomba mkwaruzo zaidi, mlio zaidi wa matoazi, "tak" zaidi kwenye ngoma ya mguu. Kila unapoongeza juu, chini kunazidi kuwa mbali.

Yaweke sasa pamoja. Kuna msiba usioombolezwa na mgeni asiye na mtu wa kumsemea. Kuna besi iliyofuata gitaa noti kwa noti, na gitaa lililokalia makao ya besi. Kuna ngoma zisizo na mwili, mtayarishaji ambaye hakuwepo, na masikio yaliyochoka. Ondoa mojawapo na pengine tungepata albamu tofauti. Mimi naamini amri ya kushusha ilitoka kwenye jeraha la Burton hata kama hakuna aliyeitamka hivyo. Lakini amri hiyo ilifanikiwa kupita kiasi kwa sababu sauti yenyewe ilikuwa imeshaitengenezea njia.

Cha ajabu ni kwamba ukame huo unaendana na yanayoimbwa. Kichwa cha albamu kinatoka mwisho wa kiapo cha utii kwa bendera ya Marekani, na jalada linaonyesha sanamu ya Haki, kitambaa machoni, mwili umepasuka nyufa, kamba zikiivuta ianguke, mizani yake imejaa dola. "The Shortest Straw" ni wimbo wa watu wanaowekwa kwenye orodha nyeusi na kunyimwa kazi. "Eye of the Beholder" unahoji uhuru wa kusema unaotolewa kwa masharti. "Blackened" ni wa dunia iliyoharibiwa hadi kuungua. "One", uliotokana na riwaya ya Dalton Trumbo ya mwaka 1939, ni wa askari aliyepoteza mikono, miguu, macho, masikio na kinywa, akabaki na akili timamu iliyofungwa ndani ya kiwiliwili. Hizi ni hadithi za watu waliokosa pa kushika. Muziki usio na sakafu unakufanya uzisikie hivyo mwilini, na sidhani kama kuna albamu nyingine ya miaka ile iliyo baridi kiasi hiki. Sisemi ilikusudiwa. Nasema ndivyo inavyofanya kazi ukiisikiliza leo.

Wasikilizaji wa wakati ule hawakungoja maelezo. Albamu ilifika nafasi ya 6 Marekani. "One" ukapata video, ya kwanza kabisa kwa bendi iliyokuwa ikizikataa video, na mwaka 1990 ukapata tuzo ya Grammy. Mwaka mmoja kabla, tuzo ya aina hiyo ilikuwa imekwenda kwa Jethro Tull, bendi ya roki isiyohesabiwa kuwa ya metali, uamuzi ambao mashabiki wa metali hawajausamehe hadi leo.

Kilichoichosha bendi ni urefu wa nyimbo. Wimbo uliobeba jina la albamu unakaribia dakika 10, na Kirk Hammett, mpiga gitaa wa pili wa bendi, amesimulia jinsi walivyoona watu wa mstari wa mbele wakipiga miayo kabla haujaisha. Waliuweka kando baada ya ziara hiyo, usirudi jukwaani hadi mwaka 2007. Albamu iliyofuata, ya 1991, ikageuza kila kitu: nyimbo fupi, rifu chache, na besi ya Newsted pana kama ukuta. Naisoma kama jibu la moja kwa moja kwa ile ya 1988.

Mjadala ulipata nguvu mpya mwaka 2009, ulipotoka mchezo wa video wa Guitar Hero wenye nyimbo za Metallica. Ili mchezo ufanye kazi, ala zilibidi zitenganishwe ndani yake. Mashabiki wakazichopoa, wakapandisha besi, wakaweka matoleo yao kwenye intaneti kwa jina la kucheza na lile la asili: haki kwa Jason. Kwa mara ya kwanza watu wengi walisikia alichokipiga, na hakuna aliyeweza kusema tena kwamba besi ilifichwa kwa kuwa mbovu. Ni vizuri kuyasikiliza, lakini kwa tahadhari. Gitaa katika matoleo hayo bado ni lilelile la umbo la V, na kupandisha besi juu yake mara nyingi huzaa msongamano. Besi ambayo ingepewa nafasi tangu mwanzo ingekuwa na umbo jingine.

Ukitaka kusikia nyimbo hizi zikiwa na watu wote wanne, njia bora ni maonyesho ya Seattle ya Agosti 1989, yaliyotolewa rasmi mwaka 1993 ndani ya kisanduku cha rekodi za jukwaani. Newsted yumo, anasikika, na sauti yake ya kuitikia nyuma ya Hetfield inazipa nyimbo ukali ambao studio haikuwa nao. Halafu rudi kwenye albamu ya studio kwa hedfoni nzuri. Ukishaijua besi inapopita, utaanza kuikuta kama kivuli chini ya gitaa, hasa pale rifu inapopunguza mwendo.

Mwaka 2018 albamu ilitolewa upya, sauti imesafishwa kutoka kanda za asili, na besi ikabaki ilipokuwa. Hoja ya bendi ni kwamba rekodi ni picha ya wakati wake na hairudiwi kuchorwa. Kwa upande wa toleo la asili, nawaunga mkono kabisa. Albamu hii iliathiri kizazi kizima cha wapiga metali kwa sauti ilivyo, na kuibadilisha ni kufuta sehemu ya historia.

Hoja hiyo, hata hivyo, haizuii mchanganyo wa pili kuwekwa kando ya wa kwanza, wenye besi, uliofanywa na watu walio na kanda zote mikononi. Ningeomba waanze na "To Live Is to Die". Wimbo huo umetokana na rifu alizoziacha Burton, na maneno machache anayoyasoma Hetfield ndani yake yamewekwa chini ya jina la marehemu. Ni maombolezo ya mpiga besi, na aliyepewa kumpigia besi humo ni Newsted. Inafaa tumsikie.